Sanduku la Msafiri: Habari za Mizigo Iliyofika na Mizigo Iliyopotea

Katika kitabu hiki cha Jubilei mtasoma habari za makanisa, shule na hospitali. Sisi twataka kusema habari za kitu kidogo kisichopewa nafasi katika vitabu, nacho ni sanduku. Kila aliyevuka bahari ili aje kutumika katika nchi ya Mbulu na Hanang aliketi kwanza kwao, mbele ya sanduku lililo wazi, akajiuliza: Nichukue nini? Niache nini? Swali hili latufaa sisi pia, maana siku hizi twapokea wageni wengi wa kujitolea, na watoto wetu wenyewe nao hutumwa ng'ambo.

Tuanze mbali kidogo, maana njia iliyofika Tlawi ilianzia pwani. Mwaka 1878 Askofu Mkuu Lavigerie wa Algiers, aliyeanzisha shirika la Mapadre Weupe mwaka 1868, alituma wamisionari 10 wa kwanza kuja Afrika ya kati. Walishuka Unguja, wakavuka Bagamoyo, na mwezi wa Juni wakaanza safari ya bara. Siku zile hapakuwa na fedha iliyopokelewa kila mahali. Chakula kilinunuliwa kwa nguo ya merikani na kaniki, kwa shanga, na kwa masango ya shaba. Na watemi wa Ugogo walidai hongo kwa kila msafara uliopita. Kwa hiyo kabla ya mtu kufikiri vitabu vyake au vyombo vya altare, ilimpasa kufunga marobota ya nguo na mifuko ya shanga.

Hata shanga zenyewe zilikuwa na siri yake. Rangi iliyopendwa mahali pamoja ilikataliwa safari ya siku chache mbele. Mwenye kuchukua shanga zisizotakiwa aliweza kuona njaa, na huku ana mzigo mzima wa mali. Elimu hiyo haikupatikana Algiers wala Marseille. Ilikuwa kwa wafanya biashara wa Unguja na Bagamoyo, na kwa wapagazi wa Kinyamwezi waliozijua njia. Aliyetaka kufunga mizigo yake vema ilimlazimu kwanza kuuliza. Na hata aliyeuliza hakuwa salama kwa kila jambo: Padri Pascal, mmoja wa wale 10, alikufa njiani mwezi wa Agosti mwaka ule ule, kabla ya kufika alikotumwa.

Yafaa tukumbuke pia vichwa vilivyobeba. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kadiri ya frasila mbili, ndiyo kilo 30 hivi, licha ya mkeka wake, sufuria yake na chakula chake. Mapadre Weupe walipofungua misioni ya Tlawi mwaka 1907, reli ya kaskazini ilikuwa haijafika Moshi. Majina ya mapadre yameandikwa vitabuni, lakini ya wapagazi hayakuandikwa ila machache. Wazee wetu husema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Katika Jubilei hii tusiuone mzigo wa wale kuwa mwepesi kwa sababu hatukuubeba sisi.

Sasa tusikie habari za mizigo isiyofika. Mwaka 1941, wakati wa Vita Kuu ya Pili, meli ya Kimisri iitwayo Zamzam iliondoka New York tarehe 20 Machi kuelekea Afrika kwa njia ya Cape Town. Abiria walikuwa wapatao 200, na wengi wao walikuwa wamisionari wa madhehebu mbalimbali, Waprotestanti na Wakatoliki. Baadhi yao walikuwa wakija kwa majirani zetu wa Iramba na Singida, ambako Waluteri wa Augustana wa Marekani walianza kazi katika miaka ya 1920. Ndani yake alikuwamo Bibi Lillian Danielson na watoto wake sita, wakimfuata baba yao, Elmer Danielson, aliyekuwa Tanganyika. Alikuwamo pia Ralph Hult, aliyekwisha kutumika katika nchi hii zamani.

Alfajiri ya tarehe 17 Aprili, katika Bahari ya Atlantiki, meli ya vita ya Kijerumani iitwayo Atlantis, iliyojigeuza sura kama meli ya biashara, iliipiga Zamzam kwa mizinga. Abiria wakashuka katika mashua. Nyingine zilikuwa zimetobolewa, na watu wakaingia majini. Wajerumani wakawaopoa, kisha wakaizamisha Zamzam kwa mabomu. Bibi Danielson na watoto wake wakaokoka wote saba. Abiria wakahamishiwa meli nyingine, nayo ikawashusha pwani ya Ufaransa mwezi wa Mei. Masanduku mengi yaliyofungwa kwa miezi, yenye vitu vya kutumia kwa miaka mingi, yalibaki chini ya bahari.

Hult alirudi kwao Marekani. Hakuwa kijana tena, na alikuwa na mke na watoto. Akaanza upya kufunga mizigo, akaiacha jamaa yake, akaja tena Tanganyika, ambako wamisionari wa Kijerumani walikuwa wameondolewa kwa sababu ya vita na makanisa mengi yalibaki bila wachungaji wao. Alikufa Dar es Salaam mwaka 1943. Twauliza: katika sanduku lile la pili alitia nini? Hatudhani kwamba lilikuwa zito kama la kwanza. Lakini mtu mwenyewe, na Kiswahili alichokijua, na mapenzi yake kwa watu wa hapa, hivyo havikuzama pamoja na Zamzam.

Mwaka huo huo wa 1943 Mbulu ilifanywa Prefektura ya Kitume, ikakabidhiwa Mapadre Wapalotini wa Ireland. Na mwaka 1953 ikawa Jimbo. Katika miaka ya 1940 Masista wa Ireland walianza kazi ya uganga huko Dareda, chini ya ukingo mkubwa wa Bonde la Ufa. Na upande wa Waluteri, chama cha Kinorwe kilichoanzishwa mwaka 1891 kwa ajili ya China kilifungiwa mlango huko, kikatafuta kazi mahali pengine. Basi watu waliojiandaa kwa China iliwalazimu kufungua masanduku na kufikiri upya. Kwa njia hiyo Haydom ilipata hospitali yake mwaka 1955, yenye vitanda 50. Leo vimepita 400.

Je, wageni wa leo wafungeje mizigo yao? Tumewaona wakifika mwezi wa Juni na nguo nyepesi tu, wakidhani Afrika yote ni joto, nao wakatetemeka kwa baridi ya nchi ya juu ya Mbulu. Tumeona pia vyombo vya thamani vilivyoletwa kwa moyo mwema, visivyopatana na umeme wetu, au visivyo na vipuri hapa nchini. Vikawekwa ghalani, vikafunikwa kwa kitambaa. Kosa si la mgeni peke yake. Mara nyingi aliuliza, nasi kwa haya tukajibu, "Chochote kitafaa." Jibu hilo si adabu, bali ni kumwacha mgeni afunge shanga za rangi isiyotakiwa. Walimu na wazee wa parokia, mgeni akiandika barua kuuliza, mwambieni kweli: lete sweta, lete viatu vya matope, chombo fulani usilete, tunacho.

Kiko kitu kingine ambacho hakifungiki sandukuni. Kiiraqw ni ndugu wa Kisomali na Kioromo, na Kidatooga ni cha jamaa nyingine kabisa, ya lugha za Kinailoti. Lugha hizi hujifunzwa kwa kuketi na watu, kwa kukosea, na kwa kuchekwa bila kukasirika. Wale waliofanya hivyo twawakumbuka mpaka leo, hata kama tumesahau walikuja na masanduku mangapi.

Na wewe, kijana wetu unayetumwa ng'ambo, uliza kabla ya kufunga, kama wasafiri wa 1878 walivyouliza Bagamoyo. Chukua nguo za baridi ya huko, karatasi zako zote, na dawa zako. Acha nafasi kidogo sandukuni, maana nao watakuwa na cha kukupa. Nasi tutakaokusindikiza mpaka kituo cha basi, tutalibeba sanduku lako kwa zamu, ili tujue uzito wake.