Ushahidi wa "Africa Addio"

Shahidi hupimwa kwa mambo mawili: alichokiona na nia aliyokuja nayo. Mambo hayo yakiafikiana, kazi ya hakimu huwa nyepesi. Lakini hutokea shahidi mwenye chuki akawa ndiye aliyekuwapo, na hakimu hana budi kusikiliza kinywa ambacho angependa kukifumba. Hiyo ndiyo hali inayomkabili Mzanzibari aketipo kuitazama sinema iitwayo "Africa Addio".

Sinema hiyo, ambayo maana ya jina lake ni "Kwaheri Afrika", ilitengenezwa na Wataliana wawili, Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi, ikaonyeshwa nchini mwao mwaka 1966. Mabwana hao walikuwa wamekwisha jipatia sifa kwa "Mondo Cane" ya mwaka 1962, mkusanyo wa mambo ya ajabu na ya kuchukiza kutoka pande nyingi za dunia. Walipokuja Afrika walishika mwendo ule ule. Walipita Kenya, Tanganyika, Unguja na Kongo, wakaokota vifo vya wanyama na vya watu, wakavitunga katika uzi mmoja: kwamba Ulaya ilikuwa mlezi wa Afrika, na mlezi alipoondoka mtoto akaharibika.

Kipande cha Unguja ni kifupi, nacho kilipigwa kutoka angani baada ya mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Chini ya ndege huonekana misururu ya watu wakienda kwa miguu. Kisha makaburi ya halaiki. Kisha pwani, na maiti zimelala mchangani. Mgeni hushtuka, akasahau. Mwenyeji haoni maiti za watu wasiojulikana: mchanga ule ameukanyaga, na katika msururu ule huenda yumo babu yake.

Kwa miaka mingi habari za mauaji yale zilisemwa Unguja kwa sauti ya chini. Historia iliyofundishwa ilitaja ushindi, na kwa haki ilikuwa na ushindi wa kutaja. Lakini aliyepotelewa na mzazi hakuonyeshwa kaburi la kulizuru. Kwa mtu huyo picha ile ilikuwa jibu. Ilimwambia kwamba hakuota, na kwamba mama yake hakumdanganya. Ndiyo maana kipande hicho kilikatwa, kikapita mkono hata mkono katika kanda, na baadaye katika mtandao, kwa Wazanzibari waliobaki nyumbani na waliohamia Oman na Ulaya.

Lakini picha ina msemaji wake, na hapo moyo wa mtazamaji hugawanyika. Msemaji husema kana kwamba chuki iliota usiku mmoja kama uyoga. Hasemi kwamba katika fujo za Juni 1961 walikufa watu 68. Haelezi kwamba katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha Afro-Shirazi kilipata zaidi ya nusu ya kura zote, nacho kikaambulia viti 13 katika 31, wala kwamba uhuru wa tarehe 10 Desemba 1963 ulikabidhiwa serikali ambayo wengi waliiona si yao. Utumwa, mashamba ya mikarafuu na mgawanyo wa ardhi havina nafasi katika hesabu yake. Kutaja sababu hizi si kumtakasa muuaji, kwa kuwa damu ya asiye na hatia haina fidia katika masanduku ya kura. Ila asemaye matokeo akaficha chanzo, amesema nusu ya kweli.

Huko Kongo mambo yalizidi. Kamera ilifuatana na askari wa kukodiwa, ikaona watu wakiuawa mbele yake. Jacopetti alishtakiwa kwao Italia kwamba alishiriki katika kupanga kifo kimoja ili apate picha nzuri. Mahakama ikamwachia huru. Hata hivyo swali halikuachiwa naye: ni nini kilichomweka mpiga picha karibu hivyo na bunduki, na kwa idhini ya nani? Mwaka 1966 watu waliandamana Berlin ya Magharibi kuipinga sinema hiyo. Mwaka 1970 ikaonyeshwa Marekani chini ya jina jipya lililotaja damu na matumbo, sehemu kubwa ya siasa zake imekatwa na mauaji yamebakizwa. Biashara ilijua ni kitu gani kiuzwacho.

Kwa hiyo yako makundi mawili yakosayo. Moja huikataa sinema yote, likisema ni uzushi wa wabaguzi. Kwa neno hilo huwazika wafu mara ya pili. Jingine huipokea yote, pamoja na sauti yake, likasahau kwamba msemaji yule akimwonea huruma Mwarabu wa Unguja, humtumia kuwa fimbo ya kumpigia Mwafrika. Katika kisiwa ambacho Mwarabu, Mshirazi na Mwafrika wameoana kwa vizazi, fimbo hiyo humwangukia mjukuu yule yule aliaye kwa ajili ya babu.

Mtazamaji mwadilifu hupokea picha na kuikataa hukumu. Lakini hata picha ina upungufu wake. Ndege ilizunguka, ikaenda zake. Aliye juu haoni uso, wala hajui jina. Hawezi kusema nani alimficha jirani uvunguni, nani alimtoa. Habari hizo zilibaki chini, vinywani mwa watu ambao kila mwaka hupungua. Visiwa vinavyowategemea wageni wawili kuwa mashahidi wa msiba wao vina deni, na deni hilo halilipwi kwa kuitukana sinema. Hulipwa kwa kuyaandika majina, ya kila upande, kabla wanaoyajua hawajazikwa nayo.