Kadi ya Kijivu na Sura Zetu

Kadi ya kijivu ni kitu kidogo: kipande cha plastiki au cha karatasi ngumu, rangi ya majivu, ambacho mpiga picha anakiweka mbele ya kamera kabla hajakupiga. Ukikiokota njiani utadhani ni kifuniko cha boksi. Kazi yake ni kuiambia kamera mwanga wa hapo ulipo una rangi gani, ili rangi ya kila kitu kingine itoke sawa. Mimi napiga picha hapa Nyarugusu, za vitambulisho, za harusi, hata za misiba. Watu wengi wanaokaa mbele yangu wanaamini kamera haidanganyi. Picha ikitoka mbaya, mtu analaumu ngozi yake, eti "mimi ni mweusi sana." Ndugu msomaji, ngozi yako haina kosa. Kosa lina historia, na historia hiyo ni ya kipimo.

Tuanze na mkanda. Mwaka 1935 kampuni ya Kodak ya Marekani ilianza kuuza mkanda wa rangi ulioitwa Kodachrome. Kwa miaka mingi bei ya mkanda wa Kodak ilikuwa pamoja na gharama ya kuusafisha, kwa hiyo mteja aliurudisha kwa kampuni ileile. Mwaka 1954 serikali ya Marekani ikailazimisha Kodak kutenganisha biashara hizo mbili. Maabara nyingine zikaanza kusafisha picha za rangi, na zikahitaji mfano wa kulinganisha: rangi sahihi ni ipi?

Kodak ikawatumia kadi yenye picha ya mwanamke. Wa kwanza alikuwa mfanyakazi wa kampuni aliyeitwa Shirley, na baada yake kila mwanamke aliyewekwa kwenye kadi aliitwa Shirley, awe nani. Kwa miaka mingi wote walikuwa weupe. Fundi wa maabara aliiweka kadi hiyo kando ya mashine, akarekebisha rangi mpaka ngozi ya Shirley itoke vizuri. Ngozi yake ikiwa nzuri, kazi imekwisha. Wengine wote, kuanzia Lubumbashi mpaka Mombasa, walipimwa kwa mwanamke mmoja ambaye hawakumjua.

Mkanda wenyewe ulitengenezwa kwa mawazo hayohayo. Dawa zake zilipangwa ziupokee vizuri uso mweupe. Weka mtoto mweupe na mtoto mweusi kwenye benchi moja la shule, piga picha: mmoja anaonekana mpaka nywele za nyusi, mwingine yanabaki macho na meno. Wazazi waliliona hilo wakalalamika.

Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, aliandika habari hii mwaka 2009 baada ya kuzungumza na watu waliofanya kazi Kodak. Alielezwa kwamba waliosikilizwa zaidi walikuwa wafanyabiashara: watengenezaji wa chokoleti ambao hawakuona tofauti ya chokoleti chungu na ya maziwa kwenye matangazo yao, na wauza samani ambao mbao zao zote zilitoka rangi moja. Soma hapo taratibu. Meza ilipata haki yake kwenye picha kabla ya mtoto wa shule. Katika miaka ya 1990 ndipo Kodak ilitoa kadi yenye wanawake watatu: mweupe, mweusi na wa asili ya Asia.

Wapo waliokataa mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1970, serikali ya Msumbiji huru ilimwita Jean-Luc Godard, mtengenezaji filamu wa Ufaransa na Uswisi, asaidie mipango ya televisheni. Inasimuliwa kwamba alikataa kutumia mkanda wa Kodak, akisema una ubaguzi ndani yake.

Na huko Marekani, mwaka 1970, wafanyakazi wawili weusi wa kampuni ya Polaroid, Caroline Hunter aliyekuwa mkemia na Ken Williams aliyekuwa mpiga picha, waligundua kwamba vifaa vya kampuni yao vinatumika Afrika Kusini kupiga picha za pasi ambazo kila Mwafrika alilazimishwa kutembea nazo. Mojawapo ya kamera za Polaroid za vitambulisho, ID-2, ilikuwa na kitufe cha kuongeza nguvu ya flashi, na uso mweusi ukatoka wazi. Hunter na Williams wakaanzisha harakati, wakapoteza kazi zao, na mwaka 1977 Polaroid ikaacha biashara yake Afrika Kusini. Kwangu mimi somo ni hili: uso mweusi uliwezekana kupigwa vizuri siku zote. Swali lilikuwa nani anataka uonekane, na kwa sababu gani. Sisi tunaoishi kwa kadi na namba tunalielewa swali hilo bila kufundishwa.

Sasa turudi kwenye kijivu. Kadi ya kawaida inarudisha asilimia 18 ya mwanga unaoiangukia. Kwa jicho la binadamu hapo ndipo katikati ya nyeusi na nyeupe. Wamarekani Ansel Adams na Fred Archer, walipopanga mfumo wao wa kupima mwanga karibu na mwaka 1940, katikati hiyo waliifanya nguzo. Kadi hiyo ilikuwepo basi tangu zamani, lakini ilisaidia zaidi kupima wingi wa mwanga. Kamera za kidijitali zilipokuja, ikapata kazi ya pili, ya kusawazisha weupe.

Kazi hiyo inakwenda hivi. Kamera inasoma rangi tatu: nyekundu, kijani na buluu. Kijivu halisi kina zote tatu kwa kiasi sawa. Ukiionyesha kamera kadi, na buluu ikazidi, inajua buluu hiyo imetoka kwenye mwanga, si kwenye kadi, basi inaipunguza picha nzima. Usipoionyesha chochote, inakisia. Moja ya makisio yake ya zamani ni kwamba ukichanganya rangi zote za picha utapata kijivu. Kwenye mji wa lami na saruji huenda ikapatia. Lakini hapa kwetu udongo ni mwekundu, matofali ni mekundu, hata vumbi juu ya viatu ni jekundu. Kamera inadhani wekundu huo ni kosa la mwanga, inauondoa, na inauondoa hata kwenye mashavu ya mtu. Ngozi ya kahawia inakuwa ya majivu.

Mama mmoja wa mtaa wetu alipigwa picha na jirani kwa simu, chini ya turubai la buluu, akamtumia mwanawe aliyehamishiwa Marekani. Usiku uleule kijana akapiga: "Mama, unaumwa nini? Mbona unanificha?" Mama akaapa haumwi. Kijana hakuamini, akatuma pesa ya hospitali aliyokuwa ameitenga kwa kodi ya nyumba. Kesho yake mama akaja kwangu: "Mwanangu, nipige tena, mtoto anione mzima." Tukatoka chini ya maturubai, nikampa kadi aishike karibu na kidevu, nikasawazisha, nikapiga. Kijana alipoiona akasema, "Huyu sasa ndiye mama." Pesa ilisharudi kwa mwenye nyumba? Hiyo sikuuliza.

Basi ukichagua kadi, angalia mambo haya. Kwanza, iwe kijivu kweli. Nyingi zinaonekana kijivu kwa macho, lakini zimechapwa kwa wino ambao kwenye jua ni kijivu na kwenye balbu zinaegemea wekundu au kijani. Plastiki yenye rangi mpaka ndani ni bora kuliko karatasi iliyochapwa, tena unaiosha vumbi kwa maji. Pili, isiwe ya kung'aa, maana itarudisha anga badala ya mwanga unaomwangukia mtu. Tatu, jua kazi yake: ya asilimia 18 ni nzuri kwa kupima wingi wa mwanga, lakini kwa rangi peke yake kijivu cheupe zaidi kinafaa, mradi kisiungue kwenye picha.

Usitumie karatasi nyeupe ya ofisi. Imetiwa dawa ya kuing'arisha, inatoa ubuluu juani, kamera inaupunguza na watu wanatoka njano. Kama pesa ya kadi haipo, povu jeupe linalokuja kwenye boksi la redio linasaidia vizuri. Mwenye simu apige picha moja na povu, nyingine bila, halafu kwenye programu ya kuhariri achague chombo cha weupe na aguse pale penye povu.

Kadi haimalizi kila kitu. Ukimsimamisha mtu mweusi mbele ya hema jeupe, kamera itatii hema na uso utazama, hata rangi zikiwa sahihi. Pima mwanga kwenye kadi iliyo usoni pake, usipime hema. Na bibi harusi umgeuze kuelekea mwanga, shela litajitetea lenyewe.

Ninyi wa mashirika mnaokuja na kamera kubwa, picha zenu ndizo dunia inazotuona nazo, na nyingine zinaingia kwenye mafaili yetu. Dakika moja ya kadi si nyingi. Mpeni mwenye sura aishike mwenyewe, mweleze ni ya nini, kisha mwonyesheni picha kwenye kioo kabla hamjaondoka. Akisema siyo yeye, pigeni tena.