Filamu ya mbio za Nile na mji wa Kazeh

WAPENZI wengi wa sinema huikumbuka filamu ya Mountains of the Moon kwa ugomvi wa Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke. Ni wachache wanaofahamu kwamba ugomvi huo ulishika kasi Kazeh, mahali ambapo leo ni mji wa Tabora.

Filamu hiyo ya mwaka 1990 iliongozwa na Bob Rafelson wa Marekani, kutokana na riwaya ya William Harrison iliyochapishwa mwaka 1982. Harrison hakuwa mgeni katika visa vya mashindano: hadithi yake ndiyo iliyozaa Rollerball ya mwaka 1975, ambamo wachezaji hukimbizana uwanjani kwa viatu vya magurudumu na pikipiki. Safari hii mbio zilikuwa za miguu, punda na machela.

Burton na Speke waliwasili Kazeh Novemba 1857 kwa njia ya misafara itokayo pwani, wakaendelea hadi Ujiji, kisha wakarejea mwaka uliofuata. Burton, akiwa mgonjwa, alibaki na wenyeji wake Waarabu akikusanya habari. Speke alielekea kaskazini Julai 1858, akaliona ziwa tarehe 3 Agosti, na kabla mwezi huo haujaisha alikuwa amerudi akidai amepata chanzo cha Nile. Burton alimtaka athibitishe. Hawakupatana tena, Speke alifariki kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe Septemba 1864, siku moja kabla ya mdahalo wao mjini Bath.

Patrick Bergin aliigiza kama Burton na Iain Glen kama Speke, huku Roger Deakins akisimamia kamera. Picha, hata hivyo, zilipigwa Kenya na Uingereza, si Unyanyembe.

Anayestahili filamu yake mwenyewe ni Sidi Mubarak Bombay, ambaye hapa aliigizwa na Paul Onsongo. Myao huyo, aliyechukuliwa mtumwa utotoni na kufikishwa India, alipita Tabora na Burton na Speke, tena na Speke na Grant, kisha Stanley mwaka 1871, na Cameron aliyevuka bara zima hadi mwaka 1875. Bila yeye, Speke asingeweza hata kuzungumza na watu wa njiani.

Kwa wanaotaka kuona mandhari ya enzi hiyo bila sinema, lipo tembe la Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora mjini, ambalo sasa ni makumbusho. Hapo ndipo Livingstone alipokaa mwaka 1872, akiwasubiri wapagazi aliotumiwa na Stanley kutoka pwani.