Mandhari Pepe: Historia ya Ukuta wa Nyuma katika Filamu

Katika uhakiki wetu wa riwaya na tamthiliya, mandhari ni kipengele kinachoonewa sana. Mhakiki atatumia kurasa nne kwa wahusika, tano kwa dhamira, halafu mandhari anaipa aya moja: hadithi inatokea mjini, au kijijini, basi, tuendelee. Katika filamu uzembe huo haukubaliki. Huko mahali hapasimuliwi kwa maneno. Panajengwa, panapakwa rangi, panamulikwa taa, na kuna mtu analipa. Makala hii inakusudia kueleza historia ya mbinu moja tu ya kujenga mahali, nayo ni ile ya kumsimamisha mwigizaji mbele ya picha ya mahali asipokuwapo. Leo mbinu hiyo imefikia kile tutakachokiita hapa utengenezaji wa filamu kwa mandhari pepe, na vijana wengi wa vyuoni wanatamani kuijifunza. Hoja yetu ni kwamba anayetaka kuijifunza sawasawa aanze na historia yake, na historia hiyo, atake asitake, itamrudisha Afrika.

Neno "pepe" tumelipata kwa watunga istilahi wa mambo ya kompyuta, nao hawakukosea hata kidogo, ingawa sidhani kama walikusudia utani. Mkulima wa mpunga anajua pepe ni nini: punje yenye ganda zuri, lakini ukiibonyeza ndani hamna kitu. Ukipeta, inaruka na upepo. Basi ndugu msomaji aliweke neno hilo kichwani tunapoendelea, maana swali letu ni kiini kilikwenda wapi.

Mwanzoni hapakuwa na udanganyifu wa kutisha. Mfaransa Georges Méliès alijenga studio ya vioo huko Montreuil, karibu na Paris, mwaka 1897, na mwaka 1902 akatoa Le Voyage dans la Lune, ambamo mwezi wenyewe ni turubai iliyopakwa rangi. Hilo ni jukwaa la tamthiliya lililowekewa kamera, na mtazamaji anajua. Mambo yaligeuka sinema ilipoanza kusema, mwishoni mwa miaka ya 1920. Vinasa sauti vya wakati ule havikuvumilia upepo wala kelele za nje, kwa hiyo waigizaji wakafungiwa studio. Lakini watazamaji wanataka mto, wanataka msitu, wanataka gari linalokimbia. Ufanyeje?

Jibu lilikuwa projekta. Unatundika skrini inayopitisha mwanga, unaweka projekta nyuma yake, mwigizaji unamsimamisha mbele, na kamera inawachukua wote kwa pamoja. Kusema ni rahisi. Kazi yenyewe haikuwa mchezo: mota ya projekta na mota ya kamera lazima zifungamanishwe ili milango yao ya mwanga ifunguke na kufungwa kwa wakati mmoja, la sivyo picha ya nyuma inapepesa au inatoweka kabisa. Taa za mwigizaji nazo zisimwagike juu ya skrini, maana zikimwagika, msitu unapauka kama kanga iliyoanikwa juani mwezi mzima. Filamu ya King Kong ya mwaka 1933 ilitumia mbinu hii kwa ustadi ambao hata leo unamfanya mtu akae wima kitini.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Mwaka 1929 kampuni ya MGM ilimtuma mwongozaji W. S. Van Dyke na kikosi chake Afrika Mashariki kutengeneza Trader Horn, iliyotoka mwaka 1931. Walihangaika kweli kweli, kwa joto na magonjwa, wakafika hadi maporomoko ya Murchison kule Uganda. Walirudi Marekani na picha nyingi kuliko filamu moja ilivyoweza kumeza. Picha hazitupwi. Mwaka 1932 Van Dyke huyo huyo akatengeneza Tarzan the Ape Man, safari hii bila kuvuka bahari. Kazi ilifanyika California, na picha za Trader Horn zikapangwa tena. Katika sehemu za mwanzo Jane anaonekana akizungumza na baba yake mbele ya skrini, na juu ya skrini hiyo wanapita Waafrika waliopigwa picha miaka mitatu hivi kabla yake, umbali wa bara zima na bahari. Jane anawatazama na kuwasemea. Wao hawawezi kumtazama, kwa sababu siku ile walipopigwa picha Jane hakuwapo. (Tembo nao walikuwa wa Asia, wakabandikwa masikio ya bandia ili wawe wa kwetu!)

Wahakiki wamekwisha kuandika mengi juu ya maudhui ya Tarzan, ubaguzi wake na kejeli zake. Hatubishi. Ila wanasahau kwamba hapa fani yenyewe ndiyo inayosema. Mgawanyo wa nani anasimama mbele ya ukuta na nani anabaki ndani ya ukuta haukuandikwa na mtunzi wa mazungumzo. Ulitokana na mashine na mpangilio wake. Hata kama maneno ya Jane yangekuwa ya adabu kuliko yote duniani, wale watu wa nyuma wasingeweza kumjibu. Huu ndio ubishi ambao ningependa uendelee katika kurasa hizi.

Baada ya hapo ikaja skrini ya bluu, ambayo tutaipitia haraka. The Thief of Bagdad ya mwaka 1940, kwa kazi ya Larry Butler, iliitumia: mwigizaji anapigwa picha mbele ya rangi ambayo haimo katika ngozi ya binadamu, kisha rangi hiyo inaondolewa na picha nyingine inawekwa mahali pake. Baadaye kijani kikashika usukani. Faida yake ni kwamba mahali panaweza kuchaguliwa baadaye. Hasara yake ni hiyo hiyo. Mwigizaji anaambiwa "tazama joka" na mbele yake pana kitambaa kitupu. Mpiga picha anamulika uso bila kujua jua litatoka upande gani. Na ukimvalisha mtu kitu kinachong'aa, kijani chote cha studio kinaonekana humo kama kwenye kioo.

Stanley Kubrick hakuridhika na njia hizo alipotengeneza 2001: A Space Odyssey, iliyotoka mwaka 1968. Sura ya kwanza ya filamu ile inatokea Afrika ya kale, lakini waigizaji waliovaa ngozi za nyani walicheza ndani ya studio Borehamwood, Uingereza. Kubrick, ambaye hakupenda kupanda ndege, alituma wapiga picha Namibia, wakati huo ikiwa chini ya Afrika Kusini, wakamletea picha kubwa za inchi 8 kwa 10. Safari hii projekta ilikaa mbele. Mwanga wake ulipita kwenye kioo kilichoinamishwa, ukafuata mstari ule ule wa jicho la kamera, ukagonga skrini ya kitambaa kama kile cha alama za barabarani, kinachorudisha mwanga kulekule ulikotoka. Picha iliwaangukia waigizaji pia, ila kwa unyonge usioonekana, na vivuli vyao vilijificha nyuma ya miili yao wenyewe. Mtu mmoja tu alikataa kushiriki udanganyifu ule, naye ni chui. Macho yake yalirudisha mwanga wa projekta kama skrini yenyewe, yakawaka. Kubrick akayaacha. Kwangu mimi ndiyo picha nzuri kuliko zote katika sura ile, na inatoboa siri kwa anayejua kutazama.

Kompyuta zilipoingia, juhudi ikawa ya kumrudishia mwigizaji na mpiga picha kile walichonyang'anywa na kitambaa cha kijani. James Cameron katika Avatar (2009) aliweza kushika kifaa mkononi na kuona humo, papo hapo, ulimwengu ambao haupo, akitembea ndani yake kama mpiga picha wa habari. Katika Gravity (2013) mwigizaji aliwekwa ndani ya kisanduku kilichozungushiwa paneli za LED, ili mwanga wa dunia inayozunguka upite usoni mwake kweli.

Halafu tunarudi nyumbani tena. Jon Favreau alipotengeneza The Lion King iliyotoka Julai 2019, kikosi chake kilikuja Kenya kutazama mbuga, kikarudi Los Angeles. Huko wapiga picha walivaa miwani ya kompyuta na kusukuma vigari vya kamera ndani ya ukumbi mtupu; kila walivyosogea, kamera pepe ilisogea katika mbuga pepe. Katika filamu nzima ni picha moja tu iliyopigwa kwa kamera Afrika: lile jua linalochomoza mwanzoni. Simba, Rafiki na Pumbaa wana majina ya Kiswahili. Mahali penyewe pamekuwa hesabu za kompyuta. Van Dyke angalau alibeba watu kwenye filamu yake. Favreau hakuwa na haja nao.

Mwezi Novemba mwaka huo huo Favreau huyo huyo alizindua The Mandalorian. Studio yake ya California ilikuwa na ukuta wa LED wa nusu duara na zaidi, urefu wa mita 6 hivi kwenda juu, upana wa mita 23 hivi. Kamera inafuatiliwa mahali ilipo. Injini ya michezo ya kompyuta, Unreal, inachora upya sehemu ile ya ukuta inayoonwa na lenzi, ili milima ya mbali ijongee polepole na miti ya karibu ijongee haraka, kama unavyoona dirishani mwa basi. Sehemu nyingine ya ukuta inabaki kuwa taa. Shujaa wa mfululizo ule amevaa chuma kinachong'aa, na sasa chuma kinaakisi jangwa badala ya kijani. Ila ukuta nao una ujeuri wake. Ukilenga lenzi juu yake moja kwa moja, michirizi inatokea. Ukizungusha kamera ghafla, picha inachelewa. Na mwanga wake hauipendezeshi ngozi ya mtu, lazima taa za kawaida zimsaidie.

Kwa anayejifunza, habari njema ni kwamba tangu mwaka 2015 Unreal hupakuliwa bure. Televisheni kubwa, kamera, na sanamu ndogo juu ya meza vinatosha kuanzia. Habari ngumu ni kwamba programu ndiyo sehemu nyepesi. Anayeshindwa, hushindwa kwa sababu hajui jua la saa kumi linaanguka vipi, hajui lenzi ndefu inafanya nini kwa umbali, au hajaamua hadithi yake inatokea wapi. Kwa kijani uamuzi huo ulisubiri. Kwa ukuta, mandhari iwe imekamilika kabla mwigizaji hajafika. Hapo mwanafunzi wa fasihi ana nafasi kuliko anavyodhani.

Mahali halisi panaingizwa humo kwa kupiga picha mamia kutoka kila pembe, na kompyuta inajenga umbo. Mtu anaweza kuuchukua hivyo ukuta wa mawe wa Kaole, na miti iliyo nyuma yake. Akimaliza awaulize wenyeji ni nani kati yao yuko tayari kuja kusimama mbele ya ukuta ule studioni, na kwa ujira gani. Pia abebe magunia mawili ya mchanga wa palepale, maana mchanga wa sakafuni usipolingana na wa kwenye picha, mstari wa chini ya ukuta utaonekana.