Engaruka: Vijiji Vilivyohamwa na Mashamba Yake ya Mawe

Engaruka iko chini ya ukingo wa magharibi wa Bonde la Ufa, kaskazini mwa Tanzania, mahali ambapo nyanda za juu za Ngorongoro zinashuka ghafla hadi kwenye uwanda mkavu. Mvua hapo ni haba, haitoshi kuotesha mtama wa kutegemewa. Hata hivyo, tangu karne ya 15 hivi hadi karne ya 18, wakulima walikaa hapo kwa vizazi vingi wakimwagilia, na mabaki ya mashamba yao yameenea kwenye eneo la takriban kilomita 20 za mraba.

Vijiji vilikuwa saba, vyote vikiwa mtelemkoni ili ardhi tambarare ibaki ya kilimo. Kila nyumba ilisimama juu ya kiwanja kilichosawazishwa na kuzuiwa kwa ukuta wa mawe, bila chokaa. Miti na nyasi za nyumba hizo zilioza zamani. Viwanja ndivyo vilivyobaki. Mwanaakiolojia Louis Leakey, aliyefika mwaka 1935, alivihesabu akakadiria wakazi 30,000 hadi 40,000. Watafiti waliomfuata wamepunguza sana idadi hiyo, na wana haki: nyumba zilijengwa, zikaachwa, zikajengwa nyingine pembeni, hivyo si zote zilizokaliwa kwa wakati mmoja.

Lakini utajiri wa Engaruka umo mashambani. Mifereji ilichukua maji pale vijito vinapotoka makorongoni, ikayapitisha kando ya mtelemko kwa mwinamo mdogo sana, kisha ikagawanyika hadi kufikia kila jaruba. Majaruba yalitengwa kwa mistari ya mawe na, penye mwinuko, yakapangwa kama ngazi ili maji yatulie. Mawe yaliyoondolewa shambani yalirundikwa kwa uangalifu, mengine yakijengewa kuta nadhifu pembeni. Uchunguzi wa mwanaakiolojia Daryl Stump umeonyesha jambo la kustaajabisha zaidi: baadhi ya mashamba hayakukuta udongo pale yalipo. Wakulima walijenga kuta za kuzuia maji yenye tope, udongo ukatuama nyuma yake, wakainua kuta na kusubiri tena, mpaka shamba likapatikana. Kazi ya namna hiyo haihitaji kuamriwa na mfalme. Inahitaji majirani wanaokubaliana juu ya zamu za maji.

Mbegu za mtama zilizoungua zimepatikana katika uchimbaji, pamoja na mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mazizi ya mawe yanaonyesha kuwa mifugo ilifungiwa na kulishwa karibu na nyumba. John Sutton, aliyeichunguza Engaruka kwa miaka mingi, aliona kuwa samadi ya mifugo hiyo ndiyo iliyorutubisha majaruba.

Sutton alieleza kuhamwa kwa vijiji kwa kupungua kwa maji na kuchoka kwa udongo. Mifereji kadhaa inaanzia kwenye makorongo ambayo leo hupata maji kwa msimu tu. Mto Engaruka pekee ndio unaotiririka mwaka mzima. Mfumo unaofanana na huu bado unaonekana kwa Wasonjo, kaskazini-magharibi, wanaoishi katika vijiji vilivyosongamana na kumwagilia mashamba kwa mifereji. Engaruka kwenyewe wakulima wa sasa wanatumia mto huohuo, na jembe lao limekwisha kuingia katika sehemu ya mashamba ya kale. Kila mstari wa mawe unaong'olewa huko unaondoka na ushahidi wa jinsi maji yalivyogawanywa, na ushahidi huo haupatikani kwingine.