Mtoto wa nje ya ndoa na daftari la vizazi: kutoka ukoo wa mama hadi Sheria ya Mtoto

Katika pwani ya Mtwara, mtoto wa wazazi wasiooana alikuwa na ukoo wake kamili kabla serikali haijafungua daftari la vizazi. Wamakonde, Wamakua na Wayao, wenyeji wakubwa wa mkoa huo, walifuata nasaba ya kikeni: mtoto ni wa ukoo wa mama, awe mama ameolewa au hajaolewa, na mjomba ndiye mwenye kauli katika malezi, ndoa na urithi. Uislamu ulioota mizizi Mikindani na vijiji vya jirani ulileta nasaba ya baba, lakini kwa njia ya ndoa tu. Mtoto asiye wa ndoa, kwa mujibu wa fiqhi, hunasibishwa na mama yake na humrithi mama. Kwa sababu mbili tofauti, mila na dini zote zilimhesabu mtoto huyo upande wa mama.

Daftari la serikali lililodumu hadi leo lilianzishwa na Waingereza. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo ya 1920, ambayo sasa ni Sura ya 108, iliwalazimisha Wazungu na Waasia kuandikisha watoto wao. Kwa Waafrika ulazima ulikuja baadaye, ukipanuliwa eneo baada ya eneo. Kwa hiyo wazee wengi wa kata kama Likombe, iliyo katika Manispaa ya Mtwara Mikindani, walikua bila cheti. Umri wao ulithibitishwa kwa cheti cha ubatizo, kwa karatasi za shule au kwa kiapo cha ndugu.

Pamoja na daftari ilikuja fikra ya Kiingereza kuhusu baba asiye na ndoa. Sheria ya Uingereza ya 1874 ilisema kwamba baba wa mtoto wa nje ya ndoa halazimiki kutoa taarifa za kizazi, na jina lake haliandikwi mpaka yeye na mama waombe kwa pamoja. Kanuni hiyo ilimkinga mwanamume asisingiziwe mtoto. Ilimpa pia nafasi ya kujificha, kwani bila ridhaa yake sehemu ya baba ilibaki tupu.

Mama aliyetaka msaada wa fedha alielekezwa mahakamani. Sheria ya 1949, iliyokuja kujulikana kama Sura ya 278, ilimruhusu mama asiyeolewa kumshtaki mwanamume ili atoe matunzo. Shauri lilipaswa kufunguliwa ndani ya mwaka mmoja tangu mtoto azaliwe, isipokuwa kama mwanamume alikwisha kutoa matunzo katika mwaka huo. Ushahidi wa mama peke yake haukutosha, na kiwango cha juu cha matunzo kilikuwa shilingi 100 kwa mwezi. Kiwango hicho kilibaki huku thamani ya shilingi ikiporomoka.

Mwaka 1963 serikali iliandika sheria za mila za makabila yanayofuata nasaba ya baba. Humo baba aliweza kumhalalisha mtoto kwa kumwoa mama yake, au kwa kumlipa babu wa mtoto shilingi 100 kabla mtoto hajaachishwa ziwa. Kanuni hizo hazikutungwa kwa ajili ya jamii za kikeni za Kusini, ambako mtoto hakuhitaji kukombolewa ili awe na ukoo.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na Sheria ya Mtoto ya 2009, iliyofuta ile ya 1949. Jina, utaifa na kuwajua wazazi wake vikawa haki za mtoto mwenyewe, na kila mzazi au mlezi akapewa wajibu wa kumwandikisha. Mtoto, mzazi, mlezi au ofisa ustawi wa jamii anaweza kuiomba mahakama ithibitishe mzazi ni nani. Maombi yanaweza kuletwa hata kabla mtoto hajazaliwa. Mahakama huangalia jina lililo katika daftari la vizazi, sherehe ya kimila aliyoifanya baba, kumkiri mtoto hadharani, na kukataa kupimwa. Inaweza pia kuamuru kipimo cha vinasaba. Nchini Kenya hatua ya namna hiyo ilitoka mahakamani: Mei 2016 Jaji Mumbi Ngugi alitamka kuwa kifungu cha 12 cha sheria ya usajili, kilichotaka ombi la pamoja au uthibitisho wa ndoa, kinakiuka Katiba.

Kwa upande wa huduma, usajili Tanzania Bara uko chini ya RITA, wakala ulioanzishwa 2006. Katika utafiti wa kitaifa wa 2010, watoto wa chini ya miaka mitano walioandikishwa walikuwa asilimia 16 tu. Katika ule wa 2015–16 walifika asilimia 26. Mpango ulioanzia Mbeya 2013, na baadaye kufika Lindi na Mtwara, uliwasogezea wazazi huduma: cheti cha kwanza cha mtoto wa umri huo hutolewa bila malipo katika vituo vya afya na ofisi za watendaji wa kata, na taarifa hutumwa kwa simu.

Kwa mama asiyeolewa, tangazo la kizazi alilopewa hospitalini au kituoni ndilo mwanzo wa usajili, na cheti cha ndoa si sharti la mtoto kuandikishwa. Baba akikubali, jina lake huingizwa. Akikana, suala la ubaba hupelekwa mahakamani, na mtoto hubaki na haki ya cheti chake.