Kamera za mtego za Serengeti

Kamera za mtego za Serengeti ni mtandao wa kamera zinazojifyatua zenyewe, uliotandazwa kuanzia mwaka 2010 katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ambayo sehemu yake imo katika wilaya ya Serengeti, mkoa wa Mara, Tanzania. Mradi huo, Snapshot Serengeti, ulianzishwa na mwanaikolojia Alexandra Swanson wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Kamera 225 zilienea kilomita za mraba 1,125. Kufikia 2013 zilikuwa zimenasa seti milioni 1.2 za picha, zilizochambuliwa na watu wa kujitolea kupitia intaneti.

Utendaji. Kila kamera ina kihisi cha infraredi, yaani mionzi isiyoonekana kwa macho, yenye mawimbi marefu kuliko ya nuru nyekundu. Miili ya wanyama hutoa mionzi hiyo kwa wingi kwenye mikromita 10 hivi. Mnyama akipita, kihisi hutambua tofauti ya joto na kamera hufyatuka. Nyasi zilizopashwa joto na jua, zikitikiswa na upepo, huifyatua bure.

Utafiti wa vihisi. Ili kuboresha vihisi vya infraredi kama hivyo, maabara kadhaa duniani hupachika chembe za nano, yaani chembe ndogo mno, za metali juu ya semikonda, nyenzo inayopitisha umeme kwa kiasi. Elektroni za chembe hizo hutetema pamoja zikipigwa na mwanga. Ukubwa, umbo na mpangilio wa chembe huamua ni mawimbi yapi yatakayofyonzwa. Dhahabu hupendelewa kwa kuwa haipati kutu.